Msaada wa chakula na kilimo: uliza kwanza umefika lini

Ndugu, umeuliza kama msaada wa chakula kutoka nje huua kilimo cha nchi inayoupokea, maana unajiandaa kwa mdahalo. Nakushauri usikimbilie ndiyo au hapana. Uliza kwanza shehena imefika lini.

Mahindi yakigawiwa njaa ikiwa imekolea na maghala ni matupu, yanaokoa maisha, na hakuna mkulima anayenyang'anywa soko. Yakichelewa yakashushwa bandarini wakati wa mavuno, hapo ndipo balaa. Mkulima amefikisha magunia sokoni, deni la mbolea linamsubiri, anakuta bei imeporomoka. Anauza kwa hasara, na msimu unaofuata analima shamba dogo zaidi. Hali hiyo ikijirudia, hata wafanyabiashara wa nafaka huacha kununua.

Wanaosema msaada huua kilimo watakutajia Haiti. Kuwa makini hapo! Kilichowaumiza sana wakulima wa mpunga kule ni ushuru kushushwa hadi asilimia 3 mwaka 1995, ukaingia mchele wa biashara wa Marekani wenye ruzuku. Hilo ni jambo jingine na msaada.

Wewe taja Korea Kusini, kuonyesha kwamba msaada si lazima uue kilimo. Ilipokea nafaka nyingi za Marekani chini ya sheria ya Marekani ya msaada wa chakula ya mwaka 1954, iliyokusudiwa pia kupunguza ziada ya wakulima wa Marekani wenyewe. Leo Korea hiyohiyo hutoa mchele kupitia WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa.

Kisha dai hili kwa nguvu zote: penye chakula sokoni, wafadhili watoe fedha au wanunue kwa wakulima wa jirani.