Demo ya dola 10,000 haikusaidii kitu kama mfukoni una laki mbili na nusu

Naandika hii kwa nyie mnaoingia forex (biashara ya kununua na kuuza sarafu mtandaoni) sasa hivi, hasa mliovutwa na zile skrinishoti za status za wasapu, mtu kaweka faida ya dola 400 ya asubuhi moja afu chini kuna namba ya simu. Mi sina kozi nauza na grupu la sigino (la kuambiana lini uingie) sina. Nataka tuongelee demo tu, ile akaunti ya mazoezi yenye hela za mchezo, maana kila mtu anawaambia "anzeni na demo" ila unaianzaje hiyo demo hamna anayesema.

Ukifungua demo, broka wengi (kampuni zinazokuunganisha na soko) wanakuwekea dola 10,000, wengine hadi 100,000, na shida inaanzia hapo hapo. Una laki mbili na nusu za Tanzania kwenye M-Pesa, kama dola 100 hivi, ila mazoezi unafanyia hela ya kama milioni 25. Unafungua loti 1 (loti ni kipimo cha ukubwa wa trade) ya EURUSD, yaani euro kwa dola, hapo kila pip, ile hatua ndogo ya bei kwenye tarakimu ya nne baada ya nukta, ni dola 10, soko linakugeuka pips 30 unaona minus 300 na wala hushtuki kwa sababu akaunti bado inasoma 9,700, jioni soko linarudi unafunga na faida, unalala unajiona treda. Sasa trade hiyo hiyo kwenye dola 100 haifunguki kabisa, maana kwa leveraji ya 1:100 (broka anakukuzia hela yako mara 100) loti 1 ya EURUSD inataka dhamana ya zaidi ya dola 1,000 (ikiwa euro iko juu ya dola moja). Ukihangaika ukapata broka anayetoa 1:2000 itafunguka, ila hapo pips 10 tu ni dola 100, yaani akaunti yote. Unajifunzia kwenye basi la mkoani afu kesho unakabidhiwa bodaboda.

Kwa hiyo unapofungua demo, pale kwenye kiasi weka kile utakachoweka kweli, na leveraji ile ile, na aina ya akaunti ile ile utakayotumia baadae. Kama broka wako hana kiasi kidogo hivyo basi acha akaunti isome inachosoma ila wewe tumia loti 0.01 tu na hesabu ya daftarini kwako ianze na 100, daftari ikifika sifuri umeunguza, hata kama kwenye simu bado inasoma 9,900.

Ukishafanya hivyo ndo hesabu za ukweli zinaanza kuonekana. Loti 0.01 ya EURUSD pip moja ni senti 10 za dola, ukiweka SL (stop loss, bei ya kukufungia trade hasara isizidi) ya pips 20 unahatarisha dola 2, sawa na asilimia 2 ya dola 100, inavumilika. Ila dhahabu, ambayo wageni wote mnaikimbilia, loti 0.01 ni wakia 1, bei ikisogea dola 1 na wewe umesogea dola 1, na dhahabu kutembea dola 20 au 30 kwa siku sio kitu cha ajabu siku hizi. Mi ningemshauri mwenye dola 100 aisahau dhahabu kwanza, najua hamtanisikia, basi angalau iguseni kwenye demo ya dola 100 muone inavyokula.

Kingine ambacho demo inafundisha vizuri sana na bure ni spredi, ile tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Hapa nikae kidogo maana ndo chanzo cha yale malalamiko ya "broka kanitoa makusudi". Chati ya MetaTrader, ile app ya kutredia, kwa kawaida inachora bei ya kuuzia tu. Ukiingia seli (umeuza kwanza ukitegemea bei ishuke), siku ya kufunga unanunua, na bei ya kununulia iko juu ya ile unayoiona kwenye mshumaa, kile kibox cha bei kwenye chati. Chukulia umeingia seli na SL yako iko 1.08500. Mshumaa unapanda, unafika 1.08490, unageuka, unashuka kama ulivyotabiri, ila wewe umeshatolewa. Unakuza chati, unaona haijagusa, unaanza kutukana. Kumbe spredi ilikuwa pip moja na nusu, bei ya kununulia ilifika 1.08505 na SL yako ikafungwa kihalali kabisa. Ingia kwenye mipangilio ya chati uwashe mstari wa Ask (bei ya kununulia), utaiona mistari miwili inatembea pamoja, na toka hapo SL za seli utaziweka juu kidogo kufidia spredi. Alafu siku moja usilale mapema, angalia hiyo mistari soko la New York linapofunga siku, kwetu ni saa sita usiku au saa saba kutegemea Marekani wako kwenye saa za majira gani, utaona inavyoachana. Mwenye SL ya pips 5 saa hizo anajitafutia mwenyewe.

Sasa ambacho demo haikuonyeshi. Takwimu za ajira za Marekani, zile mnaita NFP, mara nyingi zinatoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kwetu saa tisa na nusu alasiri au saa kumi na nusu. Kwenye demo mara nyingi unabonyeza na unapewa bei ile ile uliyoiona, kwenye akaunti ya kweli unabonyeza bei imeshakimbia, na SL nayo inaweza kufungwa mbali na ulipoiweka. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya 1.20 ya euro kwa faranga, ndani ya dakika chache bei ikaporomoka hadi chini ya 1.00, watu wenye SL zao kabisa wakatolewa huko chini, Alpari ya Uingereza ikafilisika na wateja wa FXCM wakajikuta wanadaiwa jumla ya kama dola milioni 225. Siku kama hiyo ni nadra, ila demo isikudanganye kwamba SL ni ukuta.

Roho nayo demo haiigusi. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, mwaka 2018 walisema akaunti kati ya asilimia 74 na 89 za wateja wadogo kwenye hizi biashara za leveraji zinapoteza hela, na hao watu demo walikuwa nazo bure kama wewe. Ndo maana nasema demo iwe na adabu: kabla hujaingia andika kwanini unaingia, SL wapi, TP (bei ya kuchukulia faida) wapi, loti ngapi, ukitoka andika kama ulifuata au ulisogeza SL kwa huruma. Ukiiunguza usifungue nyingine dakika hiyo hiyo, kaa wiki nzima bila. Na usihesabu miezi, hesabu trade, mia moja za mtindo mmoja bila kurukaruka ndo uangalie kama kuna kitu kimebaki.

Zikikaa vizuri nenda akaunti ya senti, dola 10 inasoma 1,000, unapoteza hela ya vocha ila ni yako na utashangaa mkono unavyokuwa mzito. Mlioko Kenya angalieni kwanza orodha ya mabroka wenye leseni ya CMA (mamlaka ya masoko ya mitaji), kanuni za forex ya mtandaoni zipo toka 2017. Yule wa "nitumie dola 100 nikutredie" mpite tu, hata salamu usijibu.

Na kabla hujaongeza hela, jaribu kutoa. Demo haina kitufe cha kutoa hela kwa hiyo hapo wote ni wageni. Weka hizo 10, fanya trade moja mbili, omba nusu irudi kwenye simu uone inachukua muda gani na inakatwa shingapi. Hakikisha jina la kitambulisho ulichotuma kwa broka ndo lililosajili laini, kama laini ni ya mama au ya shemeji rekebisha kabla hujaweka hata shilingi.