Jumapili moja Bukavu na watoto

Yaya, umeuliza pa kupeleka watoto Jumapili moja tu. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iache: kufuata gorila msituni si safari ya wadogo. Shukeni Ziwa Kivu. Anzeni La Botte, rasi ile yenye umbo la buti, asubuhi kabla jua halijakaza. Kivu haina mamba, ila kina kinashuka ghafla, basi wasiogelee peke yao. Mchana ni sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wa kukaanga na pilipili. Hao mababu hawakuwajua, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Jioni msiharakishe kurudi: wavuvi wanatoka, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja, nguzo ndefu zimetangulia mbele, taa bado hazijawashwa. Na sweta mbebe, mwinuko ni mita 1,460.