Maswali ya Wasomaji: Sumaku ya pampu imeishiwa nguvu

SWALI: Natengeneza mota za pampu za sola. Nilikausha vanishi kwenye oveni, nyuzijoto 130, rota (sehemu inayozunguka) ikiwa ndani. Sasa sumaku zake ni dhaifu. Nikatoboa moja: ikapasuka, vumbi likatoa cheche. Ni chuma gani hiki?
Fundi, Majengo, Dodoma

JIBU: Pole, fundi. Hiyo ni aloi (mchanganyiko) ya neodimiamu, chuma na boroni, yaani atomi 2 za neodimiamu kwa 14 za chuma na 1 ya boroni. Kwa uzito, neodimiamu ni kama asilimia 27, chuma 72, boroni 1. Viwandani huzidisha neodimiamu kidogo. Ile ya ziada hukaa kati ya chembe na kuzuia usumaku usigeuke.

Daraja la kawaida huanza kudhoofika kwenye nyuzijoto 80. Za kuhimili 150 huongezewa disprosiamu, metali adimu, ndiyo maana bei inapanda. Sumaku zako bado zaweza kuchajiwa upya kwa mashine ya kusumakisha. Usitoboe kamwe! Aloi hii ni ya unga uliookwa, huvunjika kama kigae, vumbi lake huwaka, na nikeli iliyopakwa juu yake ikibanduka kutu huingia. Gandisha sumaku kwa gundi ya epoksi. Vanishi? Oka stata (sehemu isiyozunguka) peke yake.