Huduma ya kwanza ya mbwa kwa matembezi ya Mwanza: anza na plaizi

Mkuu, umesema unahamia Mwanza kutoka Arusha na German Shepherd wako wa miezi 10, wikiendi mnapenda kutembea porini na kwenye maji, na unataka kujua vifaa gani vya huduma ya kwanza ubebe. Waliotangulia kukujibu hapa wamekubandikia orodha ndefu. Sina ugomvi nao, ila nyingi ziliandikwa kwa ajili ya mbwa wa nchi za theluji. Huku kwetu mbwa anaumizwa zaidi na ndoano, jua, miamba na nyoka. Ukipanga vifaa kwa kufuata hayo manne, hutakosea sana. Mimi nafuga upande wa Luchelele, natembea na mbwa ufukweni na kwenye vilima vya mawe mpaka Kisesa huko, kwa hiyo nakuandikia ninachobeba na sababu yake.

Cha kwanza kabisa ni plaizi yenye meno ya kukatia waya. Kwenye mialo yetu, yaani fukwe za kushushia samaki, Igombe, Kayenze, hata kwenye vijikona vya wavuvi karibu na Malimbe, utakuta migonzo ya sangara imetandazwa mchangani inatengenezwa: kamba ndefu, ndoano nyingi, na kwenye baadhi ya ndoano kimebaki kipande cha chambo. Mbwa haoni ndoano, ananusa samaki tu. Ndoano ya sangara ni nene, na karibu na ncha ina kijino kinachoizuia isirudi ilikotoka. Ukiivuta kinyumenyume unachana nyama.

Jike langu niliwahi kumtoa moja pale Igombe. Ilikuwa imepenya mdomo wa juu na ncha imetokeza upande wa pili, jirani na jino la chonge, nailoni inaning'inia. Kijana mmoja mvuvi alimlaza kichwa mapajani akamfunika macho kwa khanga. Nikafunika ncha kwa gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) ili kijino kisiruke kikamdhuru mtu, nikakata kijino, kisha nikairudisha ndoano polepole kwa njia ileile iliyoingilia. Damu ilikuwa kidogo. Nikasafisha kwa maji ya chumvi, halafu tukakitafuta kile kijino kwenye gozi mpaka tukakipata, maana kikibaki mchangani kitaingia mguuni mwa mtoto wa mtu.

Hiyo ni kwa ndoano ambayo ncha imeshatokeza, tena kwenye ngozi au mdomo. Ikiwa imezama kwenye ulimi, karibu na jicho au kooni, usijaribu, nenda kwa daktari wa mifugo. Na akiwa ameimeza na nailoni inatoka mdomoni, tafadhali sana usivute, na usiikate karibu na meno. Iache ndefu, ifunge kwenye ukosi wa shingo asije akaimalizia, kisha anza safari. Ile nailoni itamsaidia daktari kuifuata ndoano ilipo. Ukiivuta, unaikamatisha ndoano kwenye koo au tumbo.

Jirani ya hilo kuna mapanki, mabaki ya sangara aliyetolewa minofu. Mbwa akiokota mifupa ya sangara, mara nyingine mfupa unakwama juu ya kaakaa, umelala kutoka jino hadi jino. Utamwona anajikwangua uso kwa miguu ya mbele na udenda unamtoka. Kama unauona na ametulia, utoe kwa kibano kirefu. Kama huuoni, au anakohoa na kukabwa, usichokonoe gizani.

Jua sasa. Hapa watu wanadanganywa na upepo wa ziwa. Wewe umevaa kofia, kaupepo kanakupiga usoni, unaona hali ni nzuri. Mbwa yuko chini, joto la mwamba linampanda tumboni, na hana namna ya kutoa jasho la maana zaidi ya kuhema. Kabla ya kupanda mawe, weka mgongo wa kiganja chako juu ya mwamba kwa sekunde 7 hivi. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake zitaungua, rudini baadaye. Sisi tunatoka alfajiri, na kufikia saa tatu asubuhi tunakuwa kivulini.

Beba kipimajoto, cha dijitali kile cha bei ya kawaida cha famasi, na mafuta ya mgando ya kukipaka, kwa sababu mbwa anapimwa njia ya haja kubwa. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, kwa hiyo usishtuke ukikuta 38.8. Likivuka 40 baada ya matembezi ya juani, na anahema bila kupumzika, ute wa mdomoni umekuwa mzito, ufizi umekuwa mwekundu sana, anayumba au anatapika, hiyo ni dharura. Usikimbilie gari kwanza. Mpoze hapohapo: mpeleke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, zaidi tumboni, kwapani na kwenye mapaja kwa ndani, mpepee, endelea kumwaga. Maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake yanafaa, usisubiri barafu. Usimfunike kwa taulo lililolowa ukaliacha, kwa sababu linapata moto na kuzuia joto lisitoke. Joto likishuka mpaka 39.5, acha kumwagia, lisije likashuka kupita kiasi, kisha mpeleke kwa daktari hata kama amesimama na anatingisha mkia. Figo na ini vinaweza kuwa vimeumia bila wewe kuona. Maji ya kunywa mpe kidogo kidogo kama ana fahamu zake. Usimmiminie kooni.

Ndiyo maana mimi vifaa vyangu naviweka kwenye ndoo ya lita 5 yenye mfuniko unaobana. Sanduku zuri la plastiki lenye msalaba mwekundu halichoti maji. Ndoo inabaki kwenye gari, au nyuma ya pikipiki, au ndani ya mtumbwi, na kiunoni nakuwa na kijimkoba chenye vichache: plaizi, gozi, bandeji, kibano, chupa ya maji.

Maji ya kunywa toka nayo nyumbani. Kuna nyakati pembezoni mwa ziwa maji yanakuwa na utando wa kijani, hasa kwenye vihori vilivyotulia. Ni vijidudu vinavyoweza kuwa na sumu ya kuua mbwa, na mbwa anayeogelea humo anaimeza, kisha anajilamba manyoya. Akiingia kwa bahati mbaya, msuuze haraka kwa maji safi kabla hajajilamba. Na wewe mwenyewe usiingie kwenye magugu kumwosha, kichocho kipo. Kuhusu mamba na viboko, hakuna kifaa cha kubeba. Waulize wavuvi wa pale pale kabla mbwa hajagusa maji, na jioni msikae ukingoni.

Majeraha ya miguu ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi: chupa zilizovunjika, makombe, kingo za mawe. Unyayo ukikatika unatoa damu ya kutisha. Weka gozi, bonyeza kwa nguvu dakika 5 kamili bila kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza gozi juu, usiondoe la chini. Ikitulia, suuza kwa maji ya chumvi. Mimi nanunua famasi chupa ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, ile ya nusu lita, na sirinji kubwa isiyo na sindano ya kurushia maji kwenye kidonda. Ayodini izimue kwa maji safi mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Spiriti usimpake kwenye kidonda, inaunguza nyama na kuchelewesha kupona. Kisha weka pamba kidogo katikati ya vidole, gozi, bandeji, na juu yake ile bandeji inayojishika yenyewe. Usiivute unapozungusha. Acha ncha za vidole viwili vya katikati zionekane: vikivimba au vikiwa vya baridi, umebana, fungua. Soksi ya mtoto juu yake inazuia mchanga.

Kabla ya kumgusa mbwa mwenye maumivu, mfunge mdomo, hata kama ni wako na analala na watoto. Kipande cha khanga au bandeji: kitanzi juu ya pua, pitisha chini ya kidevu, funga nyuma ya masikio. Lakini anayehema kwa joto, anayetapika au anayeshindwa kupumua usimfunge kabisa. Khanga hiyohiyo, au kiroba kilichochanwa pande zote, ndiyo machela ya kumbebea watu wawili. German Shepherd mzima anaweza kufika kilo 30 na zaidi, humbebi mkononi kutoka juu ya mawe.

Nyoka. Kwenye vilima vyetu kuna kifutu anayelala njiani bila kujisogeza, na kuna swila anayetema sumu machoni. Swila akimtemea mbwa, shika kope, mwagia jicho maji safi kwa wingi dakika 15 au zaidi, bila kumwachia ajikwangue, kisha nenda kwa daktari, kwa sababu jicho linaweza kupata kidonda. Akiumwa na nyoka, mtulize, vua ukosi kama ameumwa kichwani au shingoni maana patavimba, mbebe, asitembee. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usipake mafuta ya taa, na usipoteze muda na jiwe la nyoka. Piga simu kwa daktari ukiwa njiani, sababu dawa ya sumu ya nyoka haipatikani kila mahali na anahitaji muda wa kuitafuta. Nyoka usimfukuze ili umpige picha.

Nizungumzie dawa kwa uzito wake, kwa sababu hapa ndipo mbwa wanauliwa na watu wanaowapenda. Usimpe panadol (parasetamoli), usimpe diklofenaki, usimpe ibuprofeni. Parasetamoli inaharibu ini na damu ya mbwa, na hizo nyingine zinatoboa tumbo na kuua figo. Kilo za mbwa si kilo za binadamu, na mwili wake hauzichakati kama wako. Dawa ya maumivu aitoe daktari wa mifugo. Dawa ya mzio kwa ajili ya nyuki unaweza kuwa nayo, lakini daktari akupe jina na kiasi kabla ya safari, ukiandike kwenye karatasi ndani ya ndoo. Maziwa hayatoi sumu mwilini, na usimtapishe mbwa aliyekula kitu mpaka daktari akuambie, kwa sababu vitu vingine vinaunguza zaidi vikirudi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake ovyo eti kwa ajili ya kupe. Kupe mtoe kwa kibano, umshike karibu kabisa na ngozi, umvute wima polepole. Ukiona wiki chache baadaye amezubaa, ufizi umepauka au mkojo umekuwa wa kahawia, wahi, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe.

Kichaa cha mbwa hakihitaji kifaa, kinahitaji chanjo na sabuni. Mialoni mbwa wa kuzurura ni wengi. Hakikisha wako amechanjwa na kadi iko hai kabla hujamtoa. Akiumwa na mbwa usiyemjua, vaa glavu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, mpeleke kwa daktari, mjulishe na bwana mifugo wa kata. Ukiumwa wewe, osha dakika 15 kwa sabuni, halafu hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona yule mbwa atakuwaje.

Kitu kimoja cha kujifunza nyumbani kabla hujaja: mzoeze kufunguliwa mdomo na kushikwa miguu, na utazame ufizi wake akiwa mzima. Ubonyeze kwa kidole uwe mweupe, kisha achia: rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Ukijua wa kwake ulivyo siku za kawaida, siku umepauka utaona mara moja. Wengine wana mabaka meusi, kwa hiyo tafuta sehemu isiyo na weusi.

Kisiwa cha Saanane sahau kwa mbwa, ile ni hifadhi ya taifa.

Mwisho ni karatasi ya ndani ya mfuniko: uzito wa mbwa, tarehe ya chanjo, namba za madaktari wawili wa mifugo (mmoja anaweza asipokee), na kiasi cha dawa ulichoandikiwa. Wako ana miezi 10, bado anaongezeka, kwa hiyo mpime upya kila baada ya miezi miwili mitatu na daktari akurekebishie hicho kiasi. Chupa ya dripu ikishafunguliwa usiirudishe ndooni, nunua nyingine. Ukishahamia, sema uko upande gani wa jiji, wenyeji wa huko tutakuelekeza daktari wa karibu anayeshika mbwa kweli, maana wengine wamezoea ng'ombe zaidi.