Tulitibu arosto, tukadhani tumetibu uteja

Kufuli tulilomfungia mdogo wangu, aliyekuwa teja, mtumwa wa unga, yaani heroini, alilinunua mjomba Kariakoo, mwaka 2013. Chumba cha uani, Temeke, dirisha moja la nondo. Tukamwekea godoro, ndoo, maji na uji. Mama akakaa mlangoni na tasbihi yake.

Jioni ya siku ya kwanza alianza miayo. Miayo haikatiki, machozi na makamasi yanamtoka kama mwenye mafua. Usiku jasho, vinyweleo vimesimama kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Siku ya pili tumbo, kuharisha, kutapika, na kilio cha mifupa. "Dada, kuna mtu ananitwanga ndani ya mifupa." Siku ya tatu aliapa kwa kaburi la baba kwamba tukifungua hatatoka nje ya geti. Hatukufungua. Siku ya saba aliomba ugali. Siku ya tisa mama akapika pilau, majirani wakaja kumshukuru Mungu pamoja nasi.

Siku ya kumi na moja mtungi wa gesi haukuwepo.

Tulimchukia sana wiki ile, na mimi nilikuwa wa mbele. Kwa akili zetu alikuwa ameshapona, dawa imetoka mwilini, kwa hiyo kurudi kijiweni ni jeuri tu. Ilinichukua karibu miaka miwili kuelewa kwamba tulichokitibu kile chumbani ni arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga. Uteja hatukuugusa.

Hivi ndivyo nilivyokuja kueleweshwa na wataalamu, nami nakueleza kwa lugha ya nyumbani. Mwili wa kila mtu hutengeneza vitu vyake vya kutuliza maumivu na kuleta utulivu. Unga unakwenda kukaa kwenye viti vilevile vya ubongo ambavyo vitu hivyo hukalia, ila unakaa kwa kishindo. Ubongo ukiletewa kila siku unajirekebisha, unazoea, na kiasi cha jana hakitoshi tena leo. Mdogo wangu alianza na kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, akiwa kondakta. Mwanzoni ilikuwa starehe. Baadaye aliniambia kitu ambacho sikukielewa wakati ule: "Sasa hivi sivuti nilewe. Navuta niwe mzima kama wewe."

Unga haukai sana. Saa sita mpaka kumi na mbili tangu kete ya mwisho, yaani kile kifungashio kidogo cha unga, arosto inaanza kubisha hodi. Ndiyo maana teja hatulii: siku yake nzima ni hesabu ya saa. Arosto yenyewe huisha ndani ya wiki moja hivi. Kinachobaki ni ubongo uliozoeshwa, usingizi unaogoma kwa wiki nyingi, huzuni isiyo na sababu, na uchu unaoamka kwa kuona tu karatasi ya kete au kusikia mluzi wa mtu fulani.

Baada ya kufuli tukajaribu shamba. Tulimpeleka kwa shangazi, Handeni, akalima, akanenepa, akapiga picha na mahindi. Miezi mitatu. Aliporudi Dar alipitia kijiweni kabla hajafika nyumbani, begi bado mgongoni.

Hapo tuliponea chupuchupu, na sikulijua hilo mpaka baadaye. Aliyekaa muda bila unga mwili wake unakuwa umesahau. Akirudi na kutumia kiasi kilekile cha zamani, pumzi inakata. Rafiki yake mmoja alitoka mahabusu Ijumaa, akajidunga kama alivyozoea, Jumamosi tukazika. Kwa hiyo mtu wenu akitoka jela, shamba au soba, yaani nyumba ya kuwaachisha watu dawa za kulevya, mwambieni waziwazi kwamba ni siku za hatari kuliko zote. Mkimkuta anakoroma kwa tabu, haamki, midomo imekuwa ya bluu, acheni maziwa na kumwagia maji. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, na mwambieni daktari ukweli alichotumia. Ipo dawa ya kufungua pumzi hiyo, inaitwa naloksoni, lakini daktari hawezi kukisia.

Soba nayo tulipita. Sitaitaja jina. Tulilipa miezi mitatu mbele. Siku ya kutembelea nikaona alama za mnyororo kwenye kifundo cha mguu. Daktari hakuna, nesi hakuna, kuna jamaa mwenye fimbo anayeitwa mshauri. Hata hivyo sitaki useme soba zote ziko hivyo. Nimezijua nyumba nzuri, hasa zilizoanzishwa na watu waliowahi kuwa kwenye unga wenyewe, na wapo waliopona humo. Ila kabla ya kutoa hela uliza. Arosto mnaishughulikiaje, na daktari ni nani? Mwenye TB au anayetumia ARV dawa zake atazipata vipi? Naweza kumwona siku yoyote? Akitoka, mnamfuatilia kwa muda gani? Wakianza kukuahidi kwamba anapona moja kwa moja ndani ya siku thelathini, aga uondoke.

Aliyetuonyesha njia ni kijana wa asasi moja inayopita vijiweni, na yeye mwenyewe alikuwa kwenye dawa. Dawa yenyewe ni methadoni, ya hospitali, inayochukua nafasi ya unga. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na siku hizi zipo pia mikoani, kama Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga. Haiuzwi, ni huduma ya bure. Mdogo wangu alianza mwaka 2015. Walimhoji, wakampima mkojo, wakampima VVU, homa ya ini na TB, wakataka ndugu wa kumsindikiza. Nikaenda mimi.

Methadoni ni ya majimaji, unakunywa mbele ya mhudumu, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Wanaanza na dozi ndogo na kupandisha taratibu, kwa sababu ukipandisha haraka unaua. Hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa: wiki ya kwanza na ya pili mgonjwa bado ana arosto za hapa na pale, bado anateleza kijiweni, na ndugu wanasema dawa yenyewe feki. Subirini ikae.

Mjomba aliiita "unga wa serikali". Nadhani kila familia ina mjomba wa aina hii. Hoja yake ilikuwa kwamba tumemtoa kwenye kamba moja na kumfunga nyingine. Nesi mmoja mtu mzima akamuuliza kwa upole, "Baba, wewe vidonge vya presha umeacha lini?" Mjomba anavimeza tangu nikiwa shule ya msingi. Tofauti ni hii: unga unakupandisha na kukudondosha mara kadhaa kwa siku, methadoni inakaa zaidi ya siku nzima na kukuweka pale katikati. Mtu anapata saa ishirini na nne asizozihesabu. Wapo wanaokuja kupunguziwa dozi na kuacha baada ya miaka, wapo wanaoendelea. Hilo wapange na daktari wao, sio na mjomba.

Mwaka 2016 alipatikana na TB. Baada ya wiki chache za dawa za TB, miayo ikarudi, jasho likarudi, na mimi nikamsema vibaya sana mbele ya watu. Nilijua kwa hakika ameanza tena. Kumbe rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huifanya methadoni iishe mwilini haraka. Daktari aliongeza dozi, mambo yakatulia. Nilimwomba radhi, ila maneno yalikuwa yameshatoka. Kwa hiyo kila kidonge kipya, hata cha dirisha la duka la dawa, kiulizwe kliniki kwanza. Na pombe au vidonge vya usingizi juu ya methadoni ni kaburi. Vyote vinakandamiza pumzi.

Kikwazo kikubwa kwetu haikuwa dawa. Ilikuwa nauli. Kila siku kwenda na kurudi, kwa mtu asiye na kazi, na ukimpa nauli mkononi unampa mtihani. Kwa miezi ya mwanzo nilipanda naye daladala mimi mwenyewe asubuhi kabla ya kazi. Baadaye tukamwachia, siku mbili kwa wiki, kisha zote. Aliteleza mara mbili mwaka ule. Mara zote mbili alikwenda kliniki kesho yake, akasema mwenyewe, na dawa ikaendelea. Sikujua kama kuteleza kunaweza kuishia hapo tu.

Kama wa kwenu ni wa pombe, anayekunywa gongo tangu asubuhi mpaka usiku kila siku, tafadhali msimfungie chumbani kama tulivyofanya sisi. Arosto ya unga inatesa, lakini mara chache inaua. Ya pombe inaweza kuua: mikono inatetemeka, anaanza kuona wadudu ukutani, degedege. Huyo anaachishwa hospitali, chini ya daktari, kwa dawa. Na methadoni si ya pombe wala bangi, ni ya unga na jamaa zake.

Pa kuanzia? Hospitali ya rufaa ya mkoa, kitengo cha afya ya akili. Au piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Najua unaogopa kwamba ukipiga watakuja na pingu, hata mama aliogopa hivyo. Kwetu, tangu siku ya kwanza kliniki, aliitwa mgonjwa.

Sasa hivi anauza spea za bajaji kwenye fremu ya jirani. Anakwenda kunywa dawa asubuhi, anafungua duka saa tatu, wateja wake wanajua kwamba kabla ya hapo hayupo. Mtungi wa gesi bado unalala chumbani kwa mama, mama hajabadilika kwa hilo. Ila siku hizi mgongo unamsumbua, kwa hiyo kila usiku ni yeye mdogo wangu anayeubeba kumwingizia.