Je, Mwenyezi Mungu anawapenda matajiri wa Ulaya kuliko sisi? Jibu kwa muulizaji wa Tandahimba

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh wetu. Mimi ni kijana, mkulima wa korosho hapa Tandahimba, mkoa wa Mtwara. Binamu yangu yuko Ujerumani, mjini Berlin, na hunipigia simu ya video. Nje theluji, ndani wamevaa fulana. Taa zinawaka akiziamrisha kwa sauti. Dawa wanaletewa mpaka mlangoni. Mke wangu mimi alijifungua zahanati kwa mwanga wa tochi ya simu. Siku moja binamu aliingia makumbusho akanionyesha mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi. Nikajisemea, hata mifupa ya kwetu iko kwao. Wengi wa watu wale hawasali, na sisi adhana tano hazitupiti. Je, Allah anawapenda wao kuliko sisi? Ustadhi mmoja ameniambia dunia ni fungu lao na akhera ni fungu letu, nisubiri nisiulize. Na je, nikivitamani vitu vyao napata dhambi?

JIBU

Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Hapana, ndugu yangu. Joto la nyumba ile si alama ya mapenzi ya Allah, na giza la zahanati ile si alama ya hasira Zake. Wala usilionee haya swali lako, kwani limewahi kuulizwa na mtu bora kuliko mimi na wewe. Sayyidna Umar bin Khattab (radhi za Allah ziwe juu yake) aliingia kwa Mtume (s.a.w.) akamkuta amelala juu ya mkeka usio na kitandiko, ukiwa umemwachia alama ubavuni, na kichwani ana mto wa ngozi uliojazwa nyuzi za mtende. Akatazama chumba kizima, hakuona kitu cha kutazama zaidi ya ngozi chache. Akamwomba Mtume amwombe Allah awakunjulie umma wake, kwani Wafursi (Waajemi) na Warumi wamekunjuliwa na wala hawamwabudu Allah. Mtume akainuka akakaa, akasema: "Je, una shaka, ewe mtoto wa Khattab? Hao ni watu walioharakishiwa vizuri vyao katika maisha ya dunia." Kisa hiki wamekipokea Bukhari na Muslim.

Na katika Suratuz Zukhruf, aya ya 33 hadi 35, Allah anasema kwamba lau si kuchelea watu wote wawe kundi moja, angewafanyia wanaomkufuru nyumba zenye dari za fedha, na ngazi za kupandia, na milango, na vitanda vya kuegemea, na mapambo. Na yote hayo si chochote ila starehe ya maisha ya dunia. Starehe haipimi cheo cha mtu kwa Mola wake. Qaruni, tajiri wa zama za Nabii Musa, alikuwa na hazina ambazo funguo zake tu ziliwaelemea watu wenye nguvu, na mwisho wake unaujua: ardhi ilimmeza.

Mpaka hapo ustadhi wako na mimi tuko pamoja. Lakini amekupa nusu ya jibu, na nusu aliyoiacha ndiyo ninayotaka uishike.

Fungua Suratul Fajr, kuanzia aya ya 15. Mwanadamu akineemeshwa husema: "Mola wangu amenitukuza." Akipunguziwa riziki husema: "Mola wangu amenidhalilisha." Kisha linakuja neno zito: "Kalla (sivyo hivyo)! Bali nyinyi hamumkirimu yatima, wala hamhimizani kulisha maskini, na mnakula urithi kwa pupa, na mnapenda mali pendo la kupita kiasi." Mtu alikuwa anazungumzia mbingu, Mola kanipa, Mola kaninyima. Allah anamkatiza na kumrudisha ardhini: yatima mmemfanya nini? Mali ya mnyonge ameila nani? Kwa hiyo uchache na wingi wa riziki ni mtihani utokao kwa Allah, tunaupokea kwa imani. Ama haki ya mtu iliyozuiliwa, hiyo imezuiliwa na mikono ya watu, na watu wataulizwa. Anayemwambia masikini asiulize amechanganya mambo haya mawili.

Ripoti ya Dunia ya Ukosefu wa Usawa ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa asilimia 10 ya watu walio matajiri zaidi wanamiliki asilimia 76 ya mali yote ya dunia, na nusu nzima ya wanadamu, walio chini, wana asilimia 2. Watu zaidi ya milioni 600 hawana umeme kabisa, wengi wao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Suratul Hashr, aya ya 7, imeweka kanuni juu ya mgawanyo wa mali: "ili isiwe ikizunguka baina ya matajiri tu miongoni mwenu." Sasa linganisha kanuni hiyo na asilimia hizo.

Wala usidhani mambo yamekuwa hivi tangu kuumbwa dunia. Mwaka 1331 msafiri na mwanafiqhi Ibn Battuta alifika Kilwa, hapo mkoa jirani wa Lindi, akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Dhahabu ya Sofala (Msumbiji ya leo) ilipitia pale. Jumba la Husuni Kubwa lilikuwa na bwawa la kuogea la pande nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Wakati huo Berlin ulikuwa mji mdogo. Sultani wa Kilwa, Hasan bin Suleiman, aliitwa Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa, na Ibn Battuta anasimulia kuwa fukara mmoja alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani akabadili, akampa. Hakumwambia fukara yule asubiri akhera. "Na siku hizo tunawageuzageuzia watu," inasema Aal Imran, aya ya 140. Mwaka 1505 Wareno walikuja na merikebu zao wakaipora Kilwa.

Hapa inabidi niseme kitu ambacho hatupendi kukisema msikitini. Kabla ya Wajerumani, karne ya 19, utajiri wa Kilwa Kivinje ulitegemea sana watumwa waliotembezwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Waliowauza na walionunua walikuwamo wenye kusali na kufunga. Aya ya Suratul Fajr imesema "nyinyi". Haikusema "wao". Ukiisoma kwa kuwanyooshea kidole Wazungu peke yao, hujaisoma.

Ama mjusi wa Tendaguru, uchungu wako una msingi. Mifupa ile ilichimbwa na mamia ya vibarua wa huku kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa na watu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, ikapelekwa Berlin. Vita vya Maji Maji, vilivyoanzia milima ya Umatumbi mwaka 1905, vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla ya uchimbaji huo, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Aliyebeba mzigo ule hakuwa na nafasi ya kukataa. Na leo mnyororo haujakatika, umebadilisha sura. Korosho yako sehemu kubwa inaondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, inabanguliwa huko, na faida ya kubangua inabaki huko. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kusini miaka ya 1970 na 1980 vingi vilifungwa, vingine vikawa maghala. Ruangwa, mkoani Lindi, kuna madini ya kinywe (grafiti) yanayotumika kwenye betri za magari ya umeme. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, madini mengine ya betri, inatoka Kongo, na humo wamo watoto wanaochimba kwa mikono. Simu anayoshika binamu yako, na hiyo unayoishika wewe, zina jasho la watu wasiojulikana majina.

Lakini uadilifu unatubana pande zote. Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza chuki ya watu isitutoe kwenye uadilifu. Si kila walichonacho wamekipora. Wamesoma, wameandika, wamefungua shule, wamesimamia mizani na mikataba yao, wameheshimu muda, na mtu anayechelewesha dawa ya wananchi huulizwa. Hayo tulipaswa kuyafanya sisi kabla yao, maana dini yetu imeyaamrisha. Allah hakuzuia elimu hiyo kwa ajili ya taifa moja. Amesema katika Suratul Jathiya, aya ya 13, kuwa amevitiisha kwetu vilivyomo mbinguni na ardhini vyote.

Kwa hiyo kuvitamani si dhambi. Husuda ni kutaka mwenzako apokonywe. Kutaka mkeo ajifungulie penye taa, penye mashine ya kumsaidia mtoto kupumua, hiyo si tamaa ya dunia kwa maana iliyokemewa. Hiyo ni kulinda nafsi, na kulinda nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia. Taa inayosikia sauti ni jambo jingine, ni pambo, ukiikosa hukupungukiwa. Jifunze kutenganisha hivyo viwili unapotazama video za binamu, na moyo ukianza kukuwasha kwa ajili ya mapambo, Mtume (s.a.w.) ametuelekeza kumtazama aliye chini yetu katika mambo ya dunia, ili tusidharau neema ya Allah.

Subira je? Subira si kukaa kimya. Mtume alikuwa akiomba: "Ewe Mola, najikinga Kwako na ukafiri na ufukara." Angewezaje kujikinga na kitu kilicho fungu letu? Na amesema, katika Hadithi ya Muslim, kuwa muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Allah kuliko muumini dhaifu, kisha akaamrisha: "Pupia lenye kukunufaisha, omba msaada kwa Allah, wala usishindwe." Kuhoji kwa nini zahanati haina umeme, kwenye mkutano wa kijiji, kwa adabu na kwa hoja, ni ibada ukinuia hivyo. Kupeleka binti shule akasome sayansi ni ibada.

Sasa nakuomba tushuke hadi kijijini kwako, kwa sababu dhulma ya dunia ina mdogo wake huku, na huyo mdogo tunakaa naye nyumba moja. Nazungumzia kangomba. Unaijua kuliko mimi. Mikorosho imetoa maua, chakula kimekwisha ndani, mtoto anaumwa. Anakuja mwenye fedha, anatoa shilingi kidogo au debe la mahindi, na wanakubaliana atalipwa korosho msimu ukifika. Oktoba anakuja na bakuli lake, si mizani, anabeba mzigo wenye thamani mara kadhaa ya alichotoa. Msimu wa 2024/2025, minada ya kwanza ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, wapo waliosimama pembeni wakitazama tu, kwa sababu korosho zao zilishaliwa tangu Agosti.

Baadhi ya wanaofanya hivi hutetea kwamba sheria ya Kiislamu inaruhusu kulipa kabla ya mavuno. Ndiyo, biashara ya salam inaruhusiwa, lakini kwa masharti. Mtume alipofika Madina alisema, katika Hadithi ya Ibn Abbas iliyopokewa na Bukhari na Muslim, anayelipa kabla alipie kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Bakuli lisilo na uzani limeshavunja sharti hilo. Akiwa amenunua matunda ya shamba lako lenyewe yakiwa bado maua, ameingia kwenye katazo jingine la Mtume, la kuuza matunda kabla hayajadhihirika kufaa kwake. Na akiwa amekukopesha fedha kwa sharti la kurudishiwa zaidi, kwa sura ya korosho, hiyo ni riba iliyovaa nguo nyingine. Nabii Shuaib alitumwa kwa watu waliopunja vipimo. "Wala msiwapunguzie watu vitu vyao." Mtu hawezi kulalamika kuwa Ulaya inatupunja huku ana bakuli la kangomba chini ya kitanda.

Wewe binafsi, ukiuza, angalia zaka yako. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata pwani hii, korosho si chakula cha kushibia, kwa hiyo haina zaka ya mazao. Fedha zake ndizo zinazotolewa asilimia 2.5, zikifikia thamani ya gramu 595 za madini ya fedha na zikapitiwa na mwaka. Imam Abu Hanifa anaona kinachooteshwa na ardhi kina zaka, sehemu ya kumi kwa kinachonyweshwa na mvua. Mwenye ekari nyingi mimi namshauri achukue kauli ya Abu Hanifa, kwa sababu fedha za korosho huku kwetu hazikai mwaka: zinaingia Novemba, zinakwenda kwenye harusi, unyago na pikipiki, na masikini hapati kitu kwa hoja kwamba mwaka haukutimia.

Katika mafungu manane ya Suratut Tawba, aya ya 60, limo fungu la wenye madeni. Kaeni watu kadhaa wa msikiti wenu, mkusanye zaka zenu mara tu baada ya malipo ya mnada, na mwandike majina ya walioweka rehani korosho zao kwa ajili ya njaa au ugonjwa. Walipieni deni halisi walilopokea, mbele ya mashahidi, bila ile nyongeza, ili Oktoba ijayo mzigo wao upite ghalani na kwenye mizani kama wako.

Wallahu a'lam.