Ram 1500 Ujerumani: jibu langu kwa aliyeuliza kama ainunue (mwaka wa nne naendesha pikapu ya Kimarekani)

Wakuu salaam. Nimesoma swali la ndugu yetu wa Frankfurt nikaona nisipite kimya. Amepata Ram 1500 ya 2019, V8 ya lita 5.7, ina namba za Kijerumani tayari. Anataka aitumie kuwahamishia watu samani wikiendi, na siku akirudi nyumbani aipakie melini hadi Mombasa. Ameuliza pia kama asubiri kwanza, maana kasikia Ulaya na Marekani wamepatana kuhusu viwango vya magari.

Mkuu, mimi naishi kijijini karibu na Kaiserslautern, kazi yangu ni bustani na sakafu za nje. Nachimba mitaro, napanga mawe, napanda ua. Nina Ram kama hiyo uliyoiona, huu mwaka wa nne. Huku kwetu pikapu za Kimarekani hazimshangazi mtu, kambi ya Ramstein ya jeshi la Marekani iko jirani na wanajeshi huja na magari yao. Gari langu nalipenda na limenilisha. Ndiyo maana nakwambia waziwazi: kwa kazi uliyoitaja, usinunue.

Tatizo ni uzito. Ukiiona imesimama unadhani itabeba nyumba nzima. Sasa fanya hesabu. Uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye karatasi zangu ni kilo 3,220. Yenyewe tupu na dereva ndani, pamoja na tangi la gesi nililoongeza, inabakiza kilo 600 na kitu hivi. Hapo bado hujamweka msaidizi wako mwenye kilo 90, hujaweka mikanda, wala toroli. Hilux ya kawaida, zile tulizokua nazo zikipanda milima na magunia, inaruhusiwa karibu tani moja, na ni fupi kwa zaidi ya nusu mita. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilibisha, mpaka nilipopeleka gari kwenye mizani na mawe nyuma.

Halafu urefu wa sehemu ya mzigo. Ram ya milango minne yenye bodi fupi, ambayo ndiyo nyingi huku, nyuma ina mita 1.70 tu. Kabati la nguo la Kijerumani halilali humo. Na mvua ya Novemba itakukuta barabarani na godoro la mteja. Kwa pesa hiyohiyo unapata van kama Sprinter au Transit ndefu, yenye paa, unafunga mlango na kuondoka. Kazi ya kuhamisha watu inataka gari la kufunikwa, mkuu.

Pikapu hii imezaliwa kukokota. Hapo ndipo nilipoielewa. Nina kijiko kidogo (mashine ya kuchimbia) cha tani 1.8, nakipakia kwenye tela la ekseli mbili, jumla tani mbili na nusu hivi. Kabla ya hapo nilikuwa na van. Kupanda kule Pfälzerwald, milima ya misitu huku kwetu, na tela nyuma, van ilikuwa inalia, nashuka hadi gia ya pili na foleni ndefu nyuma yangu. Kushuka ndiko kulikonitisha zaidi, nasikia kabisa tela linausukuma mkia wa gari. Na Ram, tela linafuata tu. Gari ni refu, ekseli zake ziko mbali, fremu ni ya chuma kizito, injini haihangaiki. Nafika kwa mteja mabega yangu yakiwa yamelegea. Kama kazi yako ingekuwa na tela zito kila wiki, farasi, boti, mashine, ningekwambia kesho kachukue.

Lakini ukishafunga tela, sheria nazo zinafungwa pamoja nalo. Leseni ya daraja B inakuishia kwenye gari la kilo 3,500. Tela la zaidi ya kilo 750 na jumla ikipita 3,500, unahitaji nyongeza: B96 inakufikisha kilo 4,250, zaidi ya hapo ni BE. Mimi nilifanya BE. Hakuna mtihani wa nadharia, kuna masomo matano ya lazima barabarani (vijijini matatu, Autobahn yaani barabara kuu ya kasi moja, usiku moja), kisha mtihani wa vitendo. Kurudi nyuma na tela kwenye kona ndiko kunakowaangusha wengi. Nenda ukafanye mazoezi kwenye uwanja mtupu Jumapili asubuhi.

Na ukikokota kwa biashara, gari na tela vikizidi tani 3.5 kwa pamoja, unaingia kwenye sheria za takografu, kile chombo cha kurekodi saa za dereva. Fundi anayebeba vifaa vyake mwenyewe anasamehewa: asizidi kilomita 100 kutoka kituo chake, jumla isizidi tani 7.5, na udereva usiwe ndiyo kazi yake kuu. Mimi naingia kwenye msamaha huo. Wewe unayelipwa kwa kusafirisha vitu vya watu hungeingia. Pia pikapu iliyosajiliwa kama gari la mizigo, ikiwa na tela na inabeba mzigo wa biashara, hairuhusiwi barabarani Jumapili kuanzia saa sita usiku hadi saa nne usiku. Ukiwa na tela, wikiendi yako ya kazi imebaki Jumamosi.

Kuna mtu hapo chini kwenye maoni atakushauri uchukue Ram 2500 au Ram 3500 kabisa, kubwa zaidi. Uwe mwangalifu. Zile kwa kawaida zinavuka tani 3.5, na ukivuka mstari huo leseni B haitoshi, unahitaji C1, leseni ya malori madogo. Tangu Julai 2024 magari ya mizigo ya zaidi ya tani 3.5 yanalipia pia barabara huku Ujerumani, na Austria stika ya kawaida ya kioo haikutoshi tena. Ram 1500 iko chini ya mstari, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa Ulaya. Kodi yangu ya mwaka inahesabiwa kwa uzito, haifiki euro 200, kwa injini ya V8.

Sasa nafasi. Gari lina urefu wa mita 5.9, upana mita 2.08 bila vioo, na vioo linakaribia mita mbili na nusu. Nafasi ya kuegesha huku ni mita 5 kwa 2.30 au 2.50. Kwenda juu ni karibu mita 1.97, na magereji mengi ya chini ya ardhi yameandika 1.90 au 2.00 mlangoni. Mimi nina uwanja wangu kijijini. Wewe Frankfurt utaegesha wapi? Swali hilo lijibu kabla ya bei. Kwenye Autobahn zikiwa na matengenezo, njia ya kushoto huwekewa kibao cha upana, mita 2.1 au 2.2, na kipimo hicho kinahesabu na vioo. Kaa kulia nyuma ya malori, kuwa na subira. Ukiwaza kwenda Paris, tangu Oktoba 2024 mgeni mwenye gari zito la mafuta, la zaidi ya tani 1.6, analipa euro 18 kwa saa kuegesha katikati ya mji.

Kuna jambo moja nataka ulisome polepole. Wiki ya kwanza nilipoleta gari nyumbani, binti yangu alikuwa na miaka mitano. Alisimama mbele ya bampa akinipungia mkono, na mimi niko kwenye usukani. Sikumwona. Sikuona nywele wala mkono. Mama yake ndiye aliyepiga kelele kutoka mlangoni. Injini ilikuwa imezimwa, namshukuru Mungu, lakini sikulala vizuri usiku ule. Boneti ya gari hili iko juu, mtoto mzima anapotea nyuma yake. Wiki hiyohiyo nilifunga kamera ya mbele, na mpaka leo sitoi gari uwanjani kabla sijalizunguka kwa miguu. Mijini kuna baiskeli kila upande, watoto wanakwenda shule peke yao. Ukilimiliki gari la namna hii, jukumu hilo ni lako kila asubuhi.

Mafuta: petroli inakula lita 15 hadi 16 kwa kilomita 100 bila mzigo, na tela inapita 20. Nilifunga mfumo wa LPG (gesi badala ya petroli), ukanigharimu karibu euro 3,500. Gesi inakula zaidi, lita 19 au 20, lakini bei ya lita ni ndogo sana, naokoa kama euro 7 kila kilomita 100. Natembea kilomita elfu ishirini kwa mwaka, kwa hiyo pesa ilirudi mwaka wa tatu. Nunua adapta zote za kujazia: Uholanzi wana mdomo wao, Ufaransa, Italia na Poland wana mwingine. Na treni ya magari inayopita chini ya bahari kwenda Uingereza haipokei magari ya gesi, mimi kumwona dada yangu Leicester napita Calais kwa feri. Oili ni lita 6.6, plagi ni 16, mbili kila silinda. Fundi akikutajia bei ya plagi nane, hajawahi kuifungua injini hii.

Kwa nini hili la kwako ni afadhali kwa kuwa limeshasajiliwa: kuingiza lako mwenyewe ni safari ndefu. Likihesabiwa gari la mizigo lenye injini kubwa, ushuru wa forodha wa Ulaya kwa muda mrefu umekuwa asilimia 22, halafu VAT asilimia 19 juu yake. Wamarekani nao wana ukuta wao tangu 1964, asilimia 25 kwa pikapu za nje, ulioanzia kwenye ugomvi wa kuku, Ulaya ilipoweka ushuru kwa kuku wa Marekani. Ukuta huo umewalinda watengenezaji wa pikapu wa kule kwa miaka sitini. Baada ya ushuru kuna taa: indiketa za nyuma za Marekani mara nyingi ni nyekundu, huku lazima ziwe za njano, na lazima kuwe na taa ya ukungu nyuma. Langu lilibadilishwa na gereji moja kabla sijalinunua, kazi ikafanywa ovyo, waya zikaunganishwa kwa gundi ya plastiki, likanifelisha ukaguzi wa kwanza. Ingia chini ya gari na tochi, angalia waya za taa za nyuma.

Kuhusu mapatano, ile taarifa ya pamoja ya Agosti 2025 inazungumzia nia ya kutambuliana viwango. Gari lililokwisha kusajiliwa halihusiki, usisubiri kwa sababu hiyo. Na Mombasa, sahau: Kenya haipokei usukani wa kushoto kwa magari ya kawaida, wala gari la zaidi ya miaka 8. Hili la kwako linakwama kwenye usukani, hata kabla ya kuhesabu miaka.

Kama bado unalitaka, mwombe muuzaji picha ya cheti cha usajili. Angalia J, imeandikwa N1 (gari la mizigo) au M1 (gari la abiria). Chukua namba ya F.2 (uzito wa juu unaoruhusiwa), toa G (gari tupu na dereva), utajua mzigo uliobaki. O.1 ndiyo uzito wa tela lenye breki. Ziba jina na namba za gari, viweke hapa vipengele hivyo vinne, jioni nikitoka kazini nitakupigia hesabu.